Kozi ya Kwanza

Dukani kwangu, Mbagala Kizuiani,
bei zimebandikwa mlangoni:
fotokopi mia, kuprinti mia mbili,
picha za paspoti papo kwa papo.
Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka
nikaongeza mstari kwa maka peni:
TUNAOMBEA VYUO.
Jana bibi mmoja alisimama akausoma,
akauliza kama tunaombea na wagonjwa.

Wanakuja na vyeti ndani ya faili la plastiki,
wanavitoa kama vitumbua vya moto.
Nakagua majina herufi kwa herufi:
Hidaya wa cheti cha kuzaliwa
na Hidaia wa cheti cha kidato cha nne
mbele ya chuo ni watu wawili,
na wote wawili watakosa nafasi.

Mzee Mwinshehe aliingia saa nne,
utepe mweupe wa kufungia mabomba
umemzunguka kifundo cha mkono kama bangili.
Binti nyuma yake.
"Weka Udaktari," alisema, hata hajakaa.
"Ya kwanza Udaktari. Ya pili Udaktari.
Kama kuna ya tatu, weka huo huo."

Nikasoma: Fizikia D, Kemia C, Biolojia B.
"Mzee, kigezo anacho, lakini ushindani…
mlango huo wenye A tatu wanaupita ubavu."
"Wewe weka. Mwenye kuchagua ni Mungu."
Nilitaka kumwambia Mungu hakai kwenye mfumo wa udahili,
nikameza.

Miaka ishirini na mbili, alisema,
nimezika mabomba ya watu, toka Kijichi hadi Kongowe.
Kucha zangu hizi, tazama, hazitakati hata sikukuu.
Huyu avae koti jeupe.
Nilione likining'inia kwenye kamba yangu,
jirani waulize ni la nani.

Kisha akatoka kutafuta wakala,
salio halikutosha ada ya maombi.

Hapo ndipo binti akavuta kigoda.
"Dada, kuna Afya ya Mazingira?"
Ipo. Ipo chini kidogo, wengi hawafiki huko.
"Ipandishe iwe ya kwanza."
Nikamtazama. Hakuinamisha uso.
"Baba anataka niwatibu waliokunywa yale maji.
Mimi nayataka maji yenyewe.
Masika yale kipindupindu kilipoingia mtaani kwetu
walipeleka dripu, wakapeleka wauguzi,
na bomba lililopasuka kando ya choo
likaendelea kuvuja mwezi mzima.
Aliyelifunga ni baba. Usiku. Bure.
Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Kishale kilikuwa kinapepesa.
Mimi napokea elfu tatu kwa fomu moja,
sikulipwa kuchagua maisha ya mtu.
Nami pia niliwahi kuchaguliwa: Uhasibu,
kwa sababu mjomba alikuwa na rafiki benki.
Mwaka wa pili nikaacha. Rafiki alishastaafu.

Basi sikubonyeza.
Mzee aliporudi nikaigeuza skrini,
ikawatazama wote wawili.

Akasoma kwa kidole, polepole:
A-fya ya Ma-zi-ngi-ra.
"Ndiyo nini hii?"
"Ndiyo kazi yako, baba," akasema Hidaya.
"Ila mimi nitafika kabla bomba halijapasuka."

Feni ilizunguka.
Kijana wa fotokopi akaacha kuhesabu karatasi.
Mzee aliufungua ule utepe mkononi,
akauviringisha upya, ukakaza, ukalegea.

"Na koti?" aliuliza mwishowe.
"Maabara wanavaa," akasema binti.
"Jeupe?"
"Jeupe, baba."

Akakohoa. Akatoa simu.
"Udaktari usiufute. Uweke wa pili.
Haya, namba ya malipo nisomee taratibu."

Walipoondoka nikakumbuka
bomba la nyuma ya duka langu
linadondosha tangu Ramadhani,
na fundi nilikuwa naye hapa saa nzima.